Barua ya Wazi kwa Mhariri Mkuu: Turudishieni Safu ya Fasili za Wasomaji

Kwa Mhariri Mkuu,
na Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Wahariri,
Dar es Salaam.

KUH: KUONDOLEWA KWA SAFU YA FASILI ZA WASOMAJI KATIKA TOLEO LA JUMAMOSI

Ndugu Mhariri Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na ni msomaji wa gazeti lenu tangu nilipokuwa mwanafunzi. Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimeniishia. Nilituma barua pepe chumba cha habari, haikujibiwa. Nikamwona mwakilishi wenu wa mkoa, akanipokea vizuri na kuahidi kufikisha ujumbe. Aliporudi alikuja na sentensi moja: "Wakubwa wamesema isimame kwanza." Nikapiga simu dawati la makala, nikaambiwa nisubiri kidogo, simu ikakatwa. Jina la gazeti silitaji humu. Mnajijua, na wasomaji wa safu ile wanawajua. Ninachotaka ni jibu, sitaki kumwaibisha mtu.

Kwa asiyeifahamu, safu ile ilikuwa kisanduku kidogo tu. Msomaji alichagua neno tunalolitumia kila siku, akalitolea fasili kwa mpangilio wa kamusi, akaituma kwa ujumbe wa simu au barua. Mhariri wa safu alichagua chache, akapunguza maneno, akazichapa. Fasili zenyewe zilikuwa za kejeli. Hizi ni baadhi ya zile nilizozikata kwa mkasi na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, na bado zipo:

*Nafasi*: kitu ambacho konda peke yake hukiona ndani ya daladala.

*Mgeni rasmi*: mtu anayesubiriwa juani na watu waliowahi.

*Kesho*: siku ya kazi ya fundi cherehani.

*Mchakato*: mahali linapowekwa jambo ili lisiharibike wala lisitoke.

*Kadi ya mchango*: bili ya chakula ambacho hujakila, kwenye harusi ya mtu usiyemjua.

*Umeme*: kitu kinachoshangiliwa na watoto kikirudi.

*Jiwe la msingi*: sehemu ya zahanati iliyokamilika.

Hiyo ya mwisho ndiyo, kwa maelezo niliyopata, iliyoiondoa safu. Nitaifikia. Naomba kwanza niyapange malalamiko yangu.

1. Safu iliondolewa bila kuagwa

Jumamosi moja ilikuwepo, Jumamosi iliyofuata haikuwepo. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kuwaeleza wasomaji. Gazeti linapobadilisha bei huandika ukurasa wa mbele. Mwandishi wa makala akienda likizo, mnaandika chini ya picha yake kwamba atarejea. Safu hii haikuandikwa na mwajiriwa wenu. Iliandikwa na sisi. Watu waliokuwa wakiwaandikia bure, kwa salio lao, walistahili angalau tangazo.

Na fasili zilizokuwa zimeshatumwa zimekwenda wapi? Najua watu wawili hapa kwetu, mmoja muuza genge na mwingine dereva wa bodaboda, ambao kila wiki walituma na bado hununua gazeti wakidhani labda zamu yao haijafika.

2. Kilichowekwa mahali pake

Pale pale, ukubwa ule ule, sasa kuna utabiri wa mechi za Ulaya na namba za kubeti. Nafundisha vijana. Nawaona wakiwa na mikeka ndani ya madaftari, wakijumlisha namba hizo kwa umakini ambao walimu wa Hisabati wanautamani darasani. Sisemi gazeti ndilo lililowafundisha. Nasema mlikuwa na nafasi ndogo ukurasani iliyomfanya kijana afikirie neno, mkaichukua mkampa namba.

Mnaendesha biashara na wenye kubeti wanalipia matangazo, hilo nalielewa. Kurasa za michezo mnazo. Utabiri ungekaa huko.

3. Jiwe la msingi

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo.

Fasili ya jiwe la msingi ilichapwa bila jina la kijiji, bila jina la wilaya, bila jina la kiongozi wala mkandarasi. Ilikuwa na maneno manne baada ya nukta pacha. Hata hivyo nimeelezwa kuwa mtu fulani mwenye cheo alilalamika kwamba amesemwa. Naomba mjiulize: katika nchi yenye mawe ya msingi mengi hivi, alijuaje kuwa ni la kwake? Gazeti halikumtaja. Alijitaja mwenyewe, nanyi mkamkubalia, na kwa kumkubalia mkawa mmethibitisha jambo ambalo fasili yenyewe haikulisema.

Malalamiko ya namna hii si mapya duniani. Samuel Johnson alipochapa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, aliifasili kodi ya ushuru kuwa ni kodi ya kuchukiza, inayokadiriwa na mafidhuli walioajiriwa na wale wale wanaolipwa ushuru huo. Makamishna wa ushuru walikasirika, wakapeleka fasili kwa mwanasheria mkuu wa serikali. Naye aliona kwamba ni kashfa. Pamoja na hayo Johnson hakufikishwa mahakamani, hakuibadilisha, na kamusi ile ikaendelea kuheshimiwa na Waingereza kwa zaidi ya karne moja. Angalieni tofauti: yule alilitaja kundi la watumishi waziwazi, akawaita mafidhuli. Msomaji wenu hakumwita mtu yeyote jina lolote.

Wala hatuhitaji kwenda London. Sisi ni watu wa utani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mchaga na Mpare, wameambiana mambo ambayo mtu baki akiyasema kutazuka ugomvi. Nimekuwa kwenye misiba ambapo mtani aliingia ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, kisha akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikwepa kulipa deni la pombe. Wajane wakacheka huku wanalia, na hakuna aliyesema marehemu amekashifiwa. Kilichosemwa pale kilikuwa kweli, kila mtu alikijua, na utani ukampa mtu ruhusa ya kukisema mbele za watu. Safu yenu ilifanya kazi hiyo hiyo kwa maandishi. Mkubwa asiyeweza kuvumilia maneno manne yasiyo na jina lake anaomba ulinzi ambao hata maiti wetu hawaupati.

Zahanati isiyokwisha ni jambo zito. Kuna mama anayepita mbele ya kuta zisizo na bati akiwa amembeba mtoto mwenye homa, anaelekea kituo cha mbali. Habari ya kawaida kuhusu zahanati hiyo ingeandikwa mara moja, ikasomwa, ikasahaulika. Fasili ile inakumbukwa. Mwenzangu mmoja ofisini aliisoma siku ile asubuhi, na hadi jioni ilikuwa inasemwa kituo cha mabasi na watu ambao hawakuliona gazeti. Naamini hiki ndicho kilichomuudhi aliyelalamika, na ndiyo sababu hasa ya kuilinda safu.

4. Eti inaharibu Kiswahili

Hii ni sababu ya pili niliyoisikia kwa mdomo: kwamba baadhi ya wadau wa lugha waliona fasili hizi zinapotosha maana za maneno, na wanafunzi watazichukua. Kwa kuwa wanafunzi hao ni wangu, naomba niijibu kama mwalimu.

Fasili ya kamusi ina hatua mbili. Kwanza unataja kundi ambamo kitu kimo, kisha unataja kinachokitofautisha na wenzake katika kundi hilo. Kiti ni samani. Ni samani ya kukalia mtu mmoja. Nimefundisha jambo hili kwa miaka mingi kwa mifano ya aina hiyo na darasa likasinzia. Nilipoleta kipande cha gazeti lenu Kidato cha Pili, nikawaambia waandike fasili zao wenyewe za vitu vya shuleni, hatua hizo mbili zilieleweka kwa kipindi kimoja. Kijana mmoja aliandika: "*Kipindi cha nne*: njaa yenye mwalimu." Darasa likaangua kicheko. Nikawauliza, kundi ni lipi? Njaa. Kinachoitofautisha na njaa nyingine? Ina mwalimu. Hakuna aliyepotoshwa. Wote wanajua kipindi ni nini, na ni kwa sababu wanajua ndiyo maana walicheka. Asiyejua maana halisi ya neno hawezi kuicheka maana ya kejeli.

Msichana mmoja anayekaa nyuma, ambaye insha zake huwa mistari mitatu, alikaa na fasili moja kipindi kizima. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Aliyoniletea ni hii: "*Maji*: kitu ambacho shule inacho siku ambayo wanafunzi wamekibeba." Sikuwa nimemwona akihangaikia sentensi namna ile. Alikuwa amegundua kwamba neno zito likiwekwa mwisho, sentensi yote inabadilika. Hilo ni somo la utungaji ambalo sina namna nyingine ya kulifundisha kwa haraka hivyo.

Kwenye fasihi simulizi tunawafundisha vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango," jibu ni yai. Kitendawili hukupa fasili kikalificha neno. Fasili za wasomaji wenu zilitoa neno waziwazi, kisha zikaeleza kitu ambacho kila mtu alikiona na hakuna aliyekuwa amekisema. Ni ndugu wa karibu. Kama kitendawili kimo kwenye muhtasari wa somo, sioni kwa nini ndugu yake afukuzwe gazetini kwa kosa la kuharibu lugha.

Kisha kuna historia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe alitoka kwenye ngozi ya ng'ombe akahamia kwa mtu anayeishi kwa jasho la wenzake, na hadi leo hakuna anayehitaji kueleza. Watu walipoona viongozi wanaanza kutembea na magari ya Mercedes-Benz, waliwaita Wabenzi. Tazameni kiambishi *wa-* kinavyofanya kazi hapo: kimewafanya wenye magari kuwa kabila, kama Wagogo na Wahehe, wenye mila zao na mipaka yao. Fasili nzima imeingia kwenye silabi moja. Hakuna mtaalamu aliyeketi kuibuni.

Mwaka 2008 waziri mmoja, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja za Marekani zilizokuwa akaunti ya nje ya nchi, aliziita vijisenti. Alijiuzulu, lakini neno halikujiuzulu naye. Wananchi walilichukua, wakaligeuza, na kuanzia hapo vijisenti vikawa na maana mbili: hela kidogo ya maskini, na hela nyingi ya mkubwa. Miaka miwili baadaye mafuta ya magari yalikuwa yanachanganywa na mafuta ya taa, likaenea neno *kuchakachua*. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 2010, neno likatoka kituo cha mafuta likaingia kituo cha kura. Mtu akitaka kujua Watanzania walihisi nini miaka ile, maneno hayo mawili yatamweleza mengi kuliko hotuba za wakati huo.

Kiswahili hakikuharibika kwa lolote kati ya hayo. Kilikua. Magazeti ndiyo yaliyoyashika maneno hayo yakiwa bado moto, yakayaandika kwa tahajia moja, yakayafikisha mikoani. Safu yenu ilikuwa inaifanya kazi hiyo kila wiki.

5. Kasoro za safu, maana zilikuwepo

Sitaki mseme naitetea kila fasili iliyochapwa. Kulikuwa na kipindi ambapo wiki hadi wiki neno lilikuwa *mke*, *mama mkwe* au *shemeji*, na mzaha ulikuwa ule ule: mwanamke anapenda hela, mwanamke anaongea sana. Huo ni uvivu. Ulikuwa unamcheka mtu ambaye tayari ana mzigo, na haukutuonesha chochote kipya. Kulikuwa pia na fasili moja kuhusu walemavu ambayo haikupaswa kupita mikononi mwa mhariri. Kuna na zile za makabila: ana kwa ana, kati ya watani, zina kinga yake, kwa kuwa anayetaniwa yupo na atajibu. Gazetini hayupo.

Hizo zingeweza kuzuiwa kwa kanuni tatu nne zilizoandikwa. Ninachokiona cha kuumiza ni kwamba fasili za kudhalilisha wanawake zilichapwa kwa muda mrefu na safu haikuguswa. Ilipokuja fasili moja inayomgusa mwenye cheo, safu ikafungwa. Wasomaji wenu wanawake wameliona hilo. Walimu wenzangu wa kike waliniambia kabla sijaliona mwenyewe.

6. Mkusanyiko uko wapi?

Mmarekani Ambrose Bierce alikuwa mwandishi wa magazeti San Francisco. Fasili zake za kejeli alianza kuzichapa gazetini, vipande vidogo vidogo, katika karne ya 19. Zilikuja kukusanywa kuwa kitabu mwaka 1906, na kutolewa tena mwaka 1911 kwa jina lingine. Zinasomwa hadi leo kwa sababu mtu alizitunza. Na yule alikuwa mtu mmoja, mwenye uchungu wake mmoja. Ninyi mlikuwa na mamia ya watu: wauza genge, manesi, makonda, wanafunzi, wastaafu wanaofuatilia mafao. Sijui mahali pengine ambapo watu wa kazi hizo wote waliandika Kiswahili cha kuchapwa katika ukurasa mmoja.

Maktaba zetu za mikoani hazina nakala zote za gazeti. Vipande vilivyopo ni kama vile vya kwenye ubao wetu, na gundi inaachia. Kama hamna kumbukumbu nzima ya safu, tuambieni mapema, ili tulionazo tuanze kukusanya.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema kuna sheria. Mnaweza kunitajia Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Mimi si mwanasheria, ninyi mna wanasheria. Waulizeni swali moja tu: fasili isiyomtaja mtu, mahali, ofisi wala tarehe, inamkashifu nani? Wakiwapa jibu lenye jina, lichapeni.

Mtasema karatasi ni ghali na kurasa zimepungua. Ni kweli, gazeti limekuwa jembamba na sote tunaona. Safu ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Haikuwa na mwandishi wa kulipwa, haikuwa na picha.

Mtasema vitu hivi sasa viko kwenye makundi ya WhatsApp, hakuna haja ya gazeti. Hili ndilo jibu ninalolihofia zaidi, kwa kuwa linaonekana la busara. Nipo kwenye makundi hayo. Fasili nzuri hufika imeshapachikwa jina la mtu asiyeitunga, tahajia imevurugika, na chini yake kuna tusi. Hakuna anayeipunguza maneno, na asiye na bando haioni kabisa. Gazeti moja kwenye saluni ya kunyolea nywele hapa kwetu husomwa na watu wengi kuanzia asubuhi hadi jioni, na wengine husomewa. Mhariri wenu wa safu alikuwa na mkono mzuri. Nilituma fasili iliyokuwa na maneno ishirini na kitu, akairudisha ukurasani ikiwa na saba, na ilikuwa bora. Mkono huo WhatsApp haina.

Mtasema pia kuwa nyakati zimebadilika na watu wamekuwa wepesi kuudhika. Basi kila anayeudhika apewe nafasi ya kujibu kwa fasili yake. Yule mkubwa angeandika: "*Mwananchi*: mtu anayelalamikia jiwe la msingi huku akikataa kuchangia matofali." Ningeicheka, ningeibandika kwenye ubao karibu na ile nyingine, na darasa langu lingejadili nani ana hoja. Mjadala wa namna hiyo ungefaa kila upande, na mngeuza magazeti.

Tunachoomba

Kwanza, mwandike gazetini, kwa saini ya mhariri, safu iliondolewa lini, na nani, na kwa sababu gani. Kama kuna mtu aliyelalamika, hatuombi jina lake. Tunaomba lalamiko lake.

Pili, safu irudi. Ikibidi iwe mara moja kwa mwezi, tutashukuru. Ikirudi, iwe na kanuni zilizochapwa juu yake: fasili isimtaje mtu binafsi, isidhalilishe jinsia, ulemavu, dini wala kabila, isizidi maneno kumi na tano, na ile inayohusu mamlaka isikataliwe kwa sababu hiyo tu. Niko tayari, pamoja na walimu wenzangu, kusaidia kuchambua zinazotumwa, bila malipo.

Tatu, mliowachapa wakiwa wametaja majina watambuliwe, na mkusanyiko wa safu nzima utolewe kwa maktaba yoyote ya umma mtakayoichagua.

Nne, utabiri wa kubeti uhamie kurasa za michezo.

Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, gazeti lenu hutoa kurasa maalumu zenye picha za viongozi na salamu za kampuni zikikisifu Kiswahili. Tunaomba safu iwe imerudi kabla ya toleo la mwaka huu, au sababu ya kutokurudi iwe imechapwa. Ikipita tarehe hiyo bila lolote, walimu wa hapa tumeshakubaliana kuanza kukusanya vipande vilivyo mikononi mwa wasomaji na kuvipiga chapa wenyewe, na hatutahitaji ruhusa ya gazeti kwa maneno tuliyoyatunga sisi.

Jibu naomba lije ukurasani, wasomaji wote walione. Mwakilishi wenu wa mkoa anazo namba zangu kwa ajili ya mambo mengine.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro.

Nakala: Mhariri wa zamani wa safu, Walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari, Manispaa ya Morogoro, Wasomaji wote waliowahi kutuma fasili.